Tengani 12, Mnadani 64

Nimeisoma tena ripoti ya hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, ile ya mwaka 2018 kuhusu kipimo cha TB ya nje ya mapafu, na kila nikiisoma nakwama pale pale. Sikwami maabara, wala kwenye slaidi, wala kwenye rangi. Nakwama pale wagonjwa wanapogawanywa: 12 wenye TB iliyothibitishwa, 34 wanaoelekea kuwa na TB, 18 ambao huenda wana TB, 62 wasio na TB, na 6 walioshindikana kuwekwa popote. Jumla 132. Kisha ukatolewa uamuzi: 12, 34 na 18 wakamiminwa tenga moja, wakaitwa wagonjwa wa TB, wakawa 64, na kipimo kikahukumiwa kwa hao 64.

Nalisema sasa hivi ili asiyetaka kusoma hadi chini ajue: kipimo ni kizuri, hesabu ndiyo mbovu.

Mlioifuata kazi hii tangu wakati wagonjwa wanaandikishwa mnaijua. Melissa Davidsen Jørstad, pamoja na Msafiri Marijani, Anne Ma Dyrhol-Riise, Lisbet Sviland na Tehmina Mustafa, walichukua kipimo kilichokuzwa Bergen, Norwe, na kukitia kwenye kazi ya kila siku ya hospitali yetu, si kwenye sampuli za kabatini. Protini ya MPT64 hutolewa na kimelea cha TB. Kingamwili za sungura huitafuta ndani ya kipande cha tezi au ndani ya maji yaliyonyonywa kwa sindano. Ilipo, slaidi hushika rangi, na hadubini ya kawaida inatosha kuiona. Wagonjwa walifuatiliwa mpaka mwisho wa matibabu. Kukata, kupaka na kusoma kumefanywa kama inavyotakiwa. Basi, hayo ndiyo ya kusifu, na tuende kwenye kosa.

Mvuvi akipanda soko la samaki la Malindi, hapa Unguja, na tenga lake, mnada huanza na kilichomo tengani. Samaki aliowaona wakiruka karibu na ngalawa hawauzi. Na pale maji yalipochezacheza akahisi chini pana kundi, hapo hata kutaja hataji, maana watu watamcheka. Sasa angalieni lile jedwali. Wale 12 wamo tengani. Wale 34 wameruka, mgongo umeonekana, mvuvi mzoefu anaweza kuapa kwamba ni nguru. Wale 18 ni maji yaliyochezacheza. Na dalali akapandisha mnada wa 64.

Kigezo mseto, kile kilichotumika kuwagawa wagonjwa hao, hukusanya kila kilichopo: kuotesha, slaidi, picha, dalili za mgonjwa, na mwenendo wake akiwa kwenye dawa. Hakuna anayekilaumu kwa kuwepo, kwa sababu TB ya tezi ina vimelea wachache na kuotesha peke yake huwaacha wengi njiani. Lakini kadiri unavyoshuka ngazi, kutoka "iliyothibitishwa" kwenda "inaelekea" kwenda "huenda", ndivyo maabara inavyonyamaza na ndivyo nafuu ya mgonjwa inavyobebeshwa mzigo wa ushahidi. Na nafuu ni shahidi asiyeaminika. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, haichagui: inaua na vimelea wengine, stafilokoka mmojawapo. Tezi ya shingoni ya mtoto inaweza kuvimba kwa jino bovu na kunywea yenyewe kabla hata pakiti ya kwanza haijamalizika. Kinyume chake pia kipo, na madaktari wa Mnazi Mmoja wamekiona mara nyingi: mgonjwa ana TB ya kweli, amepewa dawa sahihi, na tezi inazidi kufura kwa muda kwa sababu kinga yenyewe imeamka na kuanza vita. Huyo ukimpima kwa nafuu utasema hana TB.

Shahidi wa namna hiyo, anayeweza kusingizia upande wowote, akiitwa kwa wagonjwa 18 kati ya 64, ni zaidi ya robo ya kesi nzima.

Nifanye hesabu ambayo muhtasari wa ripoti haukuifanya. Ulitoa nambari moja kwa wote: kipimo kilinasa asilimia 69, na kilimwacha kwa haki asiye na TB kwa asilimia 95. Rudisha asilimia kwenye watu. Asilimia 69 ya 64 ni watu 44. Asilimia 95 ya 62 ni watu 59. Maana yake wagonjwa 20 walipita bila kushika rangi, na wasio na TB 3 walisingiziwa. Nimehakiki: walioshika rangi ni 47, na 44 kati yao ni asilimia 94, sawasawa na ile iliyochapishwa. Hesabu imekaa.

Sasa wachukue wale 18 wa "huenda" na useme kwamba hawakuwa na TB hata mmoja, na kwamba wote walikuwa miongoni mwa wale 20 waliopita. Hapo wagonjwa wa kweli wanabaki 46, kipimo kimenasa 44, ambayo ni asilimia 96. Geuza upande wa pili: hawakuwa na TB, lakini wote 18 walishika rangi. Hapo kipimo kimenasa 26 tu kati ya 46, asilimia 57, na waliosingiziwa wanatoka 3 na kufika 21 kati ya 80, kwa hiyo ile 95 ya fahari inaporomoka hadi 74.

Miisho hiyo miwili ni ya kupindukia, nakubali, na ukweli umekaa mahali fulani katikati. Lakini tazameni upana wake. Slaidi zile zile, rangi ile ile, macho yale yale, na kipimo kinaweza kuwa cha 57 au cha 96 kwa kutegemea tu umewaweka wapi watu 18 ambao hakuna aliyekuwa na uhakika nao. Wenzangu wengi wanadhani kwamba uamuzi ule ulikipendelea kipimo. Mimi naona huenda ulikidhulumu. Ndiyo sababu unaniudhi hivi: kama kipimo kilikuwa bora kuliko 69, basi tumekaa miaka tukikisema vibaya kwa sababu ya kumimina matenga matatu kuwa moja.

Na wale 6? Waliwekwa nje ya hesabu kabisa. Usahihi wa jumla uliochapishwa, asilimia 82, ni wa watu 126, si 132. Ukiwarudisha na kuwahesabu wote kuwa makosa, unapata 78. Si tofauti ya kuangusha nyumba. Lakini mgonjwa asiyewekeka popote ndiye hasa anayemsumbua daktari pale kliniki, na ndiye aliyefanya kitafutwe kipimo kipya. Kumtoa yeye kwenye hesabu ni sawa na kupima mwavuli siku ya jua.

Watetezi wa waandishi wa ripoti nawajua, maana nimebishana nao mpaka kahawa ikapoa pale Jaws Corner. Wanasema: ungetaka wafanye nini? Wangehesabu wale 12 peke yao, mgonjwa mmoja angebeba asilimia 8 mabegani, na mngecheka. Kweli. Asilimia zinazotoka kwa watu 12 huyumba. Lakini nambari inayoyumba mbele ya macho ya msomaji ni bora kuliko iliyotulia kwa kufunikwa. Iweke 12 peke yake, na uyumbaji wake. Iweke 12 na 34 pamoja. Kisha iweke 64, kwa anayeitaka. Mistari mitatu kwenye muhtasari, wino wa senti mbili. Daktari wa zamu hasomi kurasa zote. Anasoma muhtasari akiwa amesimama, na anachoondoka nacho ni nambari moja.

Aliyetufundisha kutochanganya matenga alifanya kazi nchi hii hii. Mwaka 1977 mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulipoanza Bara, pamoja na Umoja wa Kimataifa dhidi ya kifua kikuu, Karel Styblo, Mcheki, alisisitiza jambo ambalo wengi waliliona la karani: kwenye ripoti ya kila robo mwaka, wenye makohozi yenye vimelea safu yao, wasio na vimelea safu yao, na TB ya nje ya mapafu safu yake. Hakuruhusu zijumlishwe halafu ndipo mtu aulize mpango unafanya kazi au haufanyi. Swali hilo alilijibu kwa safu ya kwanza, ile ambayo mtu aliona kimelea kwa macho yake kwenye slaidi. Kwa rejista zile dunia nzima ikaja kuiga mfumo wa Tanzania katika miaka ya 1990 na kuuita DOTS. Mzee yule hakuwa na kingamwili za sungura wala mashine ya jeni. Alikuwa na hadubini, rangi ya Ziehl-Neelsen, na ukaidi wa kutotia neno "huenda" kwenye safu ya hakika.

Nikisema hivi vijana wa maabara hunitazama kwa huruma, kama mtu anayesifu ngalawa mbele ya boti ya Dar.

Lakini hata vijana wenyewe wanaweza. Chukueni kazi ya Mbeya na Bagamoyo kuhusu TB ya watoto, iliyotoka mwaka 2014 kwenye jarida la Lancet Infectious Diseases, ya Damien Portevin na wenzake. Pale ndipo alama za kinga zilipotumiwa kwa akili. Hawakuuliza kama kinga ya mtoto inamkumbuka kimelea wa TB, kwa sababu kinga ina kumbukumbu ndefu kuliko ugonjwa. Itamkumbuka hata aliyemshinda miaka mingi iliyopita. Waliuliza kama askari wanaomtambua kimelea wako vitani leo. Chembe za CD4 zikiwa vitani hupoteza alama iitwayo CD27 kwenye ngozi yake, na mashine ya kuhesabu chembe inaliona hilo kwenye damu ya mtoto, bila kumkamua makohozi ambayo hana. Na walipotoa nambari ya kunasa, waliitoa kwa watoto 18 ambao kimelea chao kilioteshwa kikaota: 15 walinaswa, asilimia 83.3. Walijua 18 ni wachache. Waliandika hivyo hivyo, na ukingo wa makosa ukaonekana mpana, kutoka 58.6 hadi 96.4. Hakuna aliyewacheka. Hilo ndilo tenga la Styblo, limebebwa na watu wenye mashine za karne hii.

Kuna jambo jingine la Mnazi Mmoja ambalo linapita kimya kwenye mazungumzo na mimi siwezi kuliacha lipite. Kwa watoto 41, kipimo kilinasa asilimia 100, na kiliwaacha kwa haki wasio na TB kwa asilimia 96. Watu waliposoma 100 wakapiga makofi. Mimi nikisoma 100 kwenye kundi dogo la watoto nauliza habari za chanjo ya BCG. Aina za BCG si moja. Ile ya Denmark na ile ya Pasteur zilipoteza jeni ya MPT64 zamani. Ile ya Urusi na ile ya Tokyo bado zinayo. Mtoto mchanga anachanjwa begani, na baadhi yao huvimba tezi ya kwapa upande ule ule kwa chanjo yenyewe, bila TB. Tezi hiyo ukiinyonya kwa sindano na kuipaka rangi ya MPT64, jibu linategemea chupa ilitoka nchi gani. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto yeyote kati ya wale 41. Nasema kipimo hiki kikiletwa kliniki ya watoto, fomu ya maombi iwe na kisanduku cha tezi iko wapi na kingine cha aina ya chanjo, na tezi ya kwapa la upande wa chanjo isomwe kwa tahadhari. Wenzetu walipokwenda Mbeya kukijaribu kwa watoto, matokeo yakatoka mwaka 2021, ilikuwa hatua nzuri.

Kwa tezi zote kwa jumla, watu 67, kipimo kilinasa asilimia 79 na kuwaacha kwa haki wasio na TB kwa 97. Hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Mtaniuliza kwa nini nimeshupalia hivi hesabu ya kipimo kimoja. Nina kisasi cha zamani, nacho ni cha damu. Miaka ile kabla ya 2011 shangazi yangu, mkaazi wa Ng'ambo, aliota uvimbe shingoni. Alipelekwa kliniki moja ya binafsi, jina nalihifadhi. Kijana wa maabara akamchoma kidole, akadondosha damu kwenye kile kijisanduku cha plastiki, ikatoka mistari miwili.

"Bi mkubwa," akamwambia, "hii TB, lakini ina dawa. Usiwe na hofu."

"Mwanangu, mbona sikohoi?"

"Imo kwenye damu, bi mkubwa."

Haikuwa TB. Uvimbe ulikatwa baadaye, mahali pengine, na jibu likawa jingine kabisa, baada ya miezi ya dawa alizozitapika. Vijisanduku vile vilikuwa vinatafuta kingamwili za mgonjwa mwenyewe dhidi ya TB, na katika nchi ambapo watu wengi wamekutana na kimelea au na chanjo, kingamwili hizo hazisemi nani mgonjwa. Julai 2011 Shirika la Afya Duniani likatamka wazi: visitumike kutambua TB. Ilikuwa mara ya kwanza kwa shirika hilo kukataza moja kwa moja kipimo cha TB kilichoenea. Zaidi ya milioni moja vilikuwa vikifanywa kila mwaka, vingi vikitengenezwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako kwao wenyewe havikuruhusiwa. India ikavipiga marufuku mwaka uliofuata. Na vilipitaje mpaka vikafika mitaani kwetu? Kwa vikaratasi vyenye asilimia nzuri, zilizopatikana kwa kuchagua wagonjwa wa kuhesabiwa.

Siwafananishi watu wa Mnazi Mmoja na wauza vijisanduku. Hata kidogo. Hawa waliweka makundi yote matano mezani, na ndiyo maana mtu kama mimi, kwa kalamu na kikokotoo cha dukani, ameweza kuwapinga. Mwuza kijisanduku hakuwahi kuniachia nafasi hiyo. Lakini asiyekuwa na nia mbaya anaweza kumfungulia njia mwenye nia mbaya, kwa kuzoesha watu kula nambari moja bila kuuliza wangapi walikuwa wamethibitishwa.

Na vinakuja vipimo vingine. Timu ya Stanford ilionyesha mwaka 2016 kwamba jeni tatu za mgonjwa mwenyewe, GBP5, DUSP3 na KLF2, hubadilisha sauti zake damuni mtu akiwa na TB inayofanya kazi, na katriji ya tone la damu ya kidole imeshajaribiwa katika nchi kadhaa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2014 lilisema kipimo cha kuchuja, cha kumtenga anayehitaji uchunguzi zaidi, kinase angalau 90 kati ya 100 na kiwaache kwa haki angalau 70. Sina ugomvi na shabaha hizo. Swali langu ni lile lile: 90 kati ya mia gani? Mia ya waliooteshwa, au mia ya huenda? Katriji zitafika mitaani kwetu kabla swali halijajibiwa, nazo zitakuja na karatasi inayong'aa.

Wapo watakaosema mzee huyu amerudi tena kwenye hadubini yake. Amerudi. Hospitali yetu na ile ya Haukeland, kule Bergen, zimeshirikiana kwa miaka, vijana wanakwenda na kurudi, tasnifu zinaandikwa, na baadhi zitakuwa za alama za kinga. Nawaomba wanaoziandika sasa, na wasimamizi wao pande zote mbili za bahari: jedwali la kwanza la matokeo liwe na waliothibitishwa peke yao, hata wakiwa 12, hata wakiwa 7. Muhtasari uibebe nambari hiyo kabla ya nyingine yoyote. Na walioshindikana kuwekwa popote wahesabiwe humo humo, kwenye jumla, si chini kwa herufi ndogo.